Gazi: Kijiji cha Minazi na Mikoko

Katika vijiji vilivyopangana baina ya kivuko cha Likoni na mpaka wa Tanzania, ni vichache vilivyo vidogo kwa umbo na vikubwa kwa habari kama Gazi. Mtu apitaye barabarani kwa gari aweza kukiacha nyuma asitambue kwamba amepita mahali palipokuwa makao ya mtawala, mahali palipoonja vita mara mbili katika muda usiotimia miaka 20, na mahali ambapo wataalamu wa nchi za mbali huja kujifunza habari za miti iotayo katika matope.

Wenyeji wake ni wakulima na wavuvi, watu wa jembe na mtumbwi. Lakini habari za kijiji hiki, zikisomwa kwa taratibu tangu mwanzo, zaeleza jambo moja limpasalo kulijua kila mkulima wa Pwani. Swali la nani atawale nchi limekuja na kupita mara nyingi; swali la nani ana haki ya kupanda mti na kuutunza limekaa pale pale.

MAHALI KILIPO

Msafiri avukaye Likoni hushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga. Hupita Ukunda, ambapo njia ya hoteli za Diani hugawanyika, kisha hupita Kinondo. Na baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi tangu Mombasa huona njia ndogo ikichepuka mkono wa kushoto kuelekea baharini. Njia hiyo hupita katikati ya minazi mirefu, na mwisho wake ndipo Gazi. Asiyechepuka huendelea mbele kidogo akafika Msambweni.

Kijiji kimekaa ukingoni mwa ghuba. Upande wa mashariki rasi ya Chale imeukinga mji na mawimbi ya bahari kuu, na upande wa kusini mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi kabla hayajaingia. Kwa hiyo maji ya ndani ni ya utulivu, na matope yaletwayo na mito hupata nafasi ya kutua. Mito yenyewe ni miwili: Kidogoweni, uingiao kaskazini-magharibi ya ghuba, na Mkurumudzi, uingiao upande wa kusini-magharibi. Yote miwili hushuka kutoka milima ya Shimba, na maji yake hupanda na kupungua kwa kufuata mvua.

Milima hiyo si mirefu. Kilele chake hakifiki mita 500 juu ya bahari. Hata hivyo ndiyo mama wa nchi yote ya chini yake. Pepo zitokazo baharini huipiga zikaacha mvua na umande, na chemchemi zake hulisha vijito vingi. Katika msitu wa Shimba, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ndimo alimobaki palahala, mnyama mwenye pembe zilizopinda kama jambia, asiyepatikana mahali pengine po pote katika Kenya.

Mwaka wa mkulima wa Gazi hugawanywa na pepo mbili. Kusi ikianza kuvuma, masika hushuka tangu Aprili, nao ndio wakati wa mahindi na mpunga. Kaskazi ikikaribia, mvua za vuli hunyesha mwezi wa Oktoba na Novemba. Mvua hizi ni haba na mara nyingine hukosa kabisa. Kwa sababu hiyo wazee hawakutegemea nafaka peke yake. Walitia muhogo katika makonde, kwa kuwa muhogo hungoja ardhini hata siku ya haja. Kunde na mbaazi zilipandwa kandokando, mikorosho na miembe ikasimama mipakani, na karibu na bahari, penye mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, ukatawala mnazi.

WENYEJI NA WAGENI

Wenye nchi hii ni Wadigo, walio kusini kabisa miongoni mwa makabila tisa ya Wamijikenda. Masimulizi yao husema kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakashuka na kujenga makaya yao ndani ya misitu. Karibu na Gazi iko Kaya Kinondo, msitu wa hektari 30 hivi, ambamo hapakatwi mti wala kuokotwa kuni bila idhini ya wazee. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliyaandika makaya ya Wamijikenda, na Kinondo miongoni mwao, katika orodha ya urithi wa dunia. Jambo hilo liliwapendeza wengi, ingawa kwa wazee wa kaya halikuwa habari mpya: wao walijua thamani ya msitu ule kabla dunia haijaujua.

Pamoja na Wadigo waliishi Waswahili wa kale wa Wasini na Vanga, na wavuvi kutoka Pemba, ambao hata leo hufuata samaki katika ghuba hii. Wadigo wengi waliukubali Uislamu mapema kuliko ndugu zao wa kaskazini, nao wakawa watu wa madrasa na wa biashara ndogo ndogo. Lakini katika mambo ya urithi desturi yao ya zamani ilikuwa kumrithisha mwana wa dada, ambapo sheria ya Kiislamu humrithisha mtoto. Kwa miaka mingi mabaraza ya kusini yalijaa mashauri ya aina hiyo, na kitu kilichogombewa sana katika mashauri hayo kilikuwa minazi.

Hapa yafaa kueleza desturi ambayo mgeni huona taabu kuifahamu. Katika Pwani, mti na ardhi vyaweza kuwa mali ya watu wawili mbalimbali. Mtu aliweza kuomba ruhusa akapanda minazi katika kiwanja cha mwingine. Minazi ile ikawa yake, akaiuza, akaiweka rehani au akaiacha urithi, na udongo ukabaki wa mwenyewe. Kwa hiyo kupanda mnazi halikuwa jambo jepesi. Mahindi huvunwa baada ya miezi michache na shamba likabaki tupu kama mwanzo. Mnazi mrefu wa Pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, na waweza kuishi zaidi ya miaka 60. Apandaye mnazi anasema kwa kitendo kwamba yeye na wanawe hawahami.

GAZI YA MAZRUI

Sifa ya Gazi katika vitabu vya historia ilianza kwa msiba wa mji mwingine. Wamazrui, ukoo wa Kiarabu uliotoka Oman, walikuwa wameitawala Mombasa kwa muda wa karne moja hivi. Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, aliitwaa Mombasa. Rashid bin Salim, aliyekuwa mkubwa wao, alikamatwa pamoja na wakuu wenziwe wakapelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi, wala hawakurudi. Waliosalimika waligawanyika makundi mawili. Wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu. Wengine walikuja kusini wakakaa Gazi.

Aliyeipa Gazi jina kubwa ni Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule Rashid aliyekufa ugenini. Alikuwa mtu wa moyo mkuu, hakusahau yaliyompata baba yake, na kwa miaka mingi hakukubali kikamilifu amri ya masultani wa Unguja. Mara kwa mara aliasi, na mara kwa mara akasamehewa. Alipoandamwa, alikimbilia Mwele, ngome yake katika vilima vya bara, iliyozungukwa na msitu mzito. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani, aliizingira Mwele akaitwaa. Lakini Mbaruk aliponyoka, na baadaye akarudi kukaa Gazi.

Utawala huo ulikuwa na upande wake mzito, usiofaa kufichwa. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Nafaka na nazi zilizopelekwa bandarini zilikuwa jasho la watu waliopanda miti wasiyoweza kuirithisha watoto wao. Sheria ya kukomesha utumwa katika nchi hii haikutoka mpaka mwaka 1907, na hata baada ya hapo wengi wa walioachiwa huru walijikuta wana uhuru bila ardhi.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilishika kazi ya kuutawala ukanda wa Pwani kwa idhini ya Sultani, na mwanzoni ilipatana na Mbaruk. Mapatano yakavunjika mwaka 1895. Mwezi wa Februari mwaka huo Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, alifariki. Kwa desturi ya ukoo mrithi alikuwa jamaa mmoja aliyeitwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na Mbaruk wa Gazi. Lakini Kampuni ilimchagua Rashid bin Salim, mwana wa marehemu. Mbaruk wa Takaungu akakataa hukumu hiyo akachukua silaha, na aliposhindwa alikimbilia kwa jamaa yake Gazi. Mzee wa Gazi akawa katika shida ya watu wawili: kumtoa aliyeomba hifadhi ni aibu, na kumficha ni vita. Akachagua vita.

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi, na Kampuni ikaondoka. Miezi miwili haijatimia, tarehe 17 Agosti, askari wa manowari chini ya Amirali Rawson waliiteka Mwele. Mbaruk aliponyoka tena, na vita vikaenea tangu mpaka wa Vanga hata upande wa Malindi. Vijiji vilichomwa moto na ghala za nafaka zikateketea. Mwezi wa Machi 1896 kikaletwa kikosi kutoka Bara Hindi, na mwezi uliofuata Mbaruk akavuka mpaka pamoja na wafuasi wake akajitoa kwa Wajerumani. Walimpa makao Dar es Salaam, naye akafa huko mwaka 1910.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mkulima wa Kidigo hakuulizwa kama amtaka Sultani, Mazrui au Kampuni. Aliulizwa nafaka tu, na kila jeshi lililopita liliuliza. Miaka miwili baadaye, tangu 1898 hata 1900, ukame na njaa vikaenea katika nchi. Waliokuwa na muhogo ardhini na minazi iliyosimama walikuwa na cha kuanzia.

Nyumba kubwa iliyokuwa ya Mbaruk ilibaki kijijini, na baadaye ikatumiwa kuwa shule. Pale palipotolewa amri za vita watoto wakafundishwa hesabu na kusoma.

VITA VYA PILI

Gazi haikupumzika muda mrefu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani wa Tanganyika walituma askari kuvuka mpaka wa Vanga kwa nia ya kuifikia Mombasa kwa njia ya pwani. Gazi ndiyo iliyokuwa njiani. Miongoni mwa waliowazuia alikuwa Arthur Wavell, Mwingereza mwenye shamba la mkonge karibu na Mombasa, ambaye alikuwa ameunda kikosi cha Waarabu na Waswahili. Mtu huyu alijua Kiarabu na Kiswahili, na miaka michache kabla ya vita alikuwa amekwenda Makka kwa siri, akijifanya mtu wa Unguja. Mwezi wa Oktoba 1914 Wajerumani walishambulia Gazi wakarudishwa nyuma. Wavell mwenyewe aliuawa karibu na Mwele mwezi wa Januari 1916, katika vilima vile vile alimokuwa akijificha Mbaruk.

KARATASI NA MTI

Mabadiliko yaliyoingia ndani zaidi ya kijiji kuliko bunduki zote yaliletwa na karatasi. Mwaka 1908 ilitoka Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa Pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa afike mbele ya mwandikishaji na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa ya serikali. Kwa mwenye shamba wa mjini, aliyezoea kuandika na kuandikiana, sheria hiyo ilieleweka. Kwa Mdigo wa bara kidogo ya pwani, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ulikuwa makaburi ya wazee na miembe waliyoipanda, ilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya watu wengine. Wengi hawakwenda kudai. Baadaye waliambiwa kwamba wanakaa katika ardhi isiyo yao.

Hapo ndipo ile desturi ya kutenga mti na udongo ilipogeuka kuwa mtego. Mwenye hati alijua vyema kwamba mtu akipanda minazi amepata dai la kudumu. Kwa hiyo katika mashamba mengi ya Pwani mpangaji aliruhusiwa kulima mahindi na muhogo, akakatazwa kupanda mnazi, mkorosho au mwembe. Aliweza kula kutoka katika ardhi ile maisha yake yote, na asiachie humo kitu cha kuonyesha kwamba aliishi.

Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, na ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani kwa jina ukawa sehemu ya nchi hiyo kwa mapatano ya mwaka ule ule. Haki za hati zilizokwisha andikishwa zililindwa katika mapatano hayo. Bendera ikabadilika, karatasi hazikubadilika. Hata leo, katika Kaunti ya Kwale na kaunti nyingine za Pwani, ziko familia nyingi zilizolima mahali pamoja kwa vizazi vitatu au vinne pasipo hati mkononi.

Mfano wa karibu ni ule wa bonde la Mkurumudzi. Kampuni moja ya Australia ilianza kuchimba mchanga wenye madini katika Kwale, na shehena ya kwanza ikatoka mwezi wa Februari 1914 ukiongeza miaka 100, yaani 2014. Familia za Maumba na Nguluku ziliondolewa ili kupisha mgodi, na nyingine zikapelekwa Bwiti, zikiacha nyuma minazi na mikorosho iliyopandwa na wazee wao. Bwawa lilijengwa katika mto Mkurumudzi ili kuupa mgodi maji. Mwisho wa mwaka 2024 uchimbaji ukakoma. Mgodi huo ulidumu muda wa miaka 11 hivi. Mnazi uliopandwa siku ulipofunguliwa ungalikuwa umeanza kuzaa miaka michache tu.

MTI WA MATOPENI

Wakati mambo hayo yakitokea nchi kavu, ghuba ya Gazi ilikuwa na habari yake. Kandokando ya maji umezunguka msitu wa mikoko wa hektari 600 na zaidi. Aina zote za mikoko zijulikanazo katika Kenya zimo humo, nazo wenyeji huzitambua kwa majina na kwa kazi: mkoko na mkandaa, muia na mchu, mlilana utoao mataruma ya vyombo, mkomafi wenye mbao za samani, msikundazi na kikandaa. Mikoko ilitoa fito, pau, boriti na nguzo. Na kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, nchi isiyo na miti, yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za Pwani hii.

Tofauti na shamba, mikoko haikuwa na mwenye hati. Mwaka 1932 serikali iliitangaza mikoko yote ya nchi kuwa msitu wa serikali. Kwa sheria ilikuwa ya serikali. Kwa macho ya watu kitu cha serikali kilikuwa cha yule aliyewahi. Miaka ya 1970 ilipofika, magogo mengi yalikatwa Gazi kwenda kuchoma chokaa na matofali. Shoka zilisafisha sehemu kubwa, na penye mikoko pakabaki uwanja wa matope yaliyokaushwa na jua. Mwaka 1982 ilipigwa marufuku kupeleka boriti nje ya nchi, lakini pale palipokwisha kuwa peupe msitu haukurudi wenyewe.

Wavuvi waliona hasara kabla ya wataalamu. Mizizi ya mkoko, ile isimamayo juu ya maji kama miguu ya kaa, ni nyumba ya watoto wa samaki na kamba. Huzuia matope ya mito yasiende kuyafunika matumbawe, na huvunja nguvu za mawimbi yasile ufuo. Msitu ulipoondoka, samaki wa karibu walipungua, na bahari ikaanza kuumega ukingo.

Mwaka 1991 kazi ya kupanda upya ilianza, ikiongozwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo Gazi. Na mtaalamu aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Dakta James Kairo. Namna ya kupanda si ya siri. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama mahindi. Tunda lake huchipua lingali juu ya mti, likatoa kijiti kirefu cha kijani, kikaanguka na kujichoma matopeni. Wapandaji huokota vijiti vilivyokomaa, huvichomeka kwa mistari wakati maji yametoka, kisha hungoja. Mahali pasipofikiwa vizuri na maji, au palipo na mawimbi makali, vijiti hufa, na kazi hurudiwa.

Wanawake wa kijiji nao waliingia kazini kwa njia yao. Walijenga daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, ili wageni na wanafunzi watembee juu ya matope bila kuzama, na kwa ada ya wageni hao na chakula wanachowapikia wakapata fedha za kusaidia nyumba zao na shule.

HEWA YA UKAA NA MAJI YA BOMBA

Jambo lililoipeleka Gazi katika magazeti ya dunia lilianza mwaka 2013, nalo huitwa Mikoko Pamoja. Wenyeji wa Gazi na wa kijiji jirani cha Makongeni, ambao kwa pamoja ni watu zaidi ya 5,000, walipatana na serikali kuutunza msitu wa hektari 117 kwa muda wa miaka 20. Mti ukuao huvuta hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto la dunia. Na mikoko hushinda miti mingi kwa sababu huizika sehemu kubwa ya ukaa huo katika matope, ambako hukaa miaka mingi isipotifuliwa. Ukaa uliozuiliwa hupimwa kwa tani. Watu na makampuni ya ng’ambo watakao kufidia moshi wao hulipa kwa kila tani, na fedha hupitia shirika la hisani lililoandikishwa Scotland. Gazi hupimiwa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka.

Mkulima mwenye hesabu atauliza fedha ni ngapi. Mwanzoni zilikuwa dola za Marekani 12,000 hivi kwa mwaka. Kama zingaligawanywa mkononi kwa watu 5,000, kila mmoja angalipata kitu kisichofika dola 3, na kesho yake zisingalionekana. Wanakijiji waliamua katika mikutano yao kwamba zitumike kwa mambo ya wote. Yakaletwa maji ya bomba, vikanunuliwa vitabu, yakatengenezwa madarasa. Ilipandwa pia mivinje, ili atakaye mti wa kujengea aupate nchi kavu asiiguse mikoko. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na miaka michache baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka, wakaanzisha yao katika msitu mkubwa zaidi, wa hektari 460.

Mafanikio hayo yana mipaka, na wenyeji waijua. Hektari 117 si msitu wote wa ghuba. Nje ya eneo hilo shoka la usiku bado lasikika. Bei ya ukaa hupangwa na wanunuzi wa mbali, wala mkulima wa Gazi hana sauti sokoni. Msitu wenyewe ungali mali ya serikali, na wanakijiji ni walinzi kwa mkataba. Miaka 20 iliyoanza 2013 itakwisha 2033. Mtoto aliyeanza shule wakati daraja la kwanza la vijiti lilipopandwa chini ya mkataba huo atakuwa mtu mzima, na ndiye atakayeketi mezani kuamua kama utaendelea, na kwa masharti gani.

Hata hivyo jambo moja limethibitika. Kwa miaka mingi mtu wa kijiji hiki aliambiwa kwamba haki huja kwanza na mti hufuata: asiye na karatasi asipande. Katika matope ya Gazi mambo yalikwenda kinyume. Watu walipanda kwanza, wakalinda miaka 20 na zaidi bila malipo, na haki ikawafuata kwa mkataba, ingawa haijawa haki kamili. Ardhi ya makonde ingali ikingoja utaratibu kama huo: wapimaji wafike, madai ya koo yasikilizwe, na alimaye tangu babu apewe hati ya mahali alipo. Kazi hiyo ni ya afisi za ardhi na ya wananchi wenyewe, ambao yawapasa kuhifadhi ushahidi wao, kuhudhuria mabaraza ya ardhi na kuandikisha madai kwa wakati. Waliochelewa mwaka 1908 walichelewa kwa niaba ya wajukuu wao.

Maji yakijaa jioni, mashina ya mikoko hufunikwa hata yakaonekana majani tu juu ya ghuba; yakitoka, mizizi huonekana tena, nayo imeshika pale pale.